Uso na Njia

Ndoo moja, mipira hamsini, pauni sita.
Arobaini imeshakwenda kulia,
kule kwenye ua wa farasi wa mashindano.
Kila mmoja huondoka vizuri, kama mgeni anayeaga kwa heshima,
kisha hukata kona bila kumwuliza mtu.

Nikafanya afanyavyo kila mjinga wa mchezo huu:
nikaelekeza miguu kushoto, kwenye maji ya Forth,
na milima ya Fife ng'ambo, imevaa mvua.
Ukapinda zaidi.

Effie Rintoul, fundi bomba mstaafu,
ambaye siku hizi huokota mipira ya Musselburgh kwa trekta lenye wavu,
akazima injini, akaja. Hakunisalimu.
Akaishika fimbo yangu, namba saba,
akaipaka uso poda ya mtoto.
"Piga."

Nikapiga. Akaisoma ile poda kama anayesoma bili ya mtu mwingine.

"Mpira una wazee wawili," akasema.
"Uso wa fimbo ndio unaoutuma.
Njia ya fimbo ndiyo inayousokota.
Wakipatana, unakwenda. Wakigombana, ile kona yako
ndiyo kipimo cha ugomvi wao.
Na wewe, kijana, unasuluhisha kwa kuhamisha nyumba."

Njia yangu, akanionyesha,
inatoka nje na kuja ndani,
kama mtu anayekumba makombo ya mezani kuyaelekeza tumboni mwake.
Uso nao umeachwa wazi, unachungulia kwa jirani.

Akalaza mwavuli mbovu ng'ambo ya mpira.
Nikaupiga mwavuli. Nikaupiga tena.
Mara ya tatu fimbo ikapita ndani, safi,
na mpira ukaenda kulia moja kwa moja,
bila kupinda hata chembe,
kama aliyekata shauri kupotea.

"Njia imepona," akasema Effie. "Uso bado."

Marehemu baba alikuwa akisahihisha mashairi ya wenzake jikoni, kule Lushoto,
kalamu nyekundu sikioni, akihesabu kwa vidole
nane, na nane.
"Vina vipo, mizani imekimbia. Guni hili."
Humrudishia mtu karatasi yake na kikombe cha chai.
Mimi leo nimepiga guni arobaini na nne.

Na Jumapili, mama anaponitazama kwenye simu,
uso wangu umemwelekea barabara.
Unamwambia ofisi. Unamwambia kiti cha kuzunguka.
Njia yangu ni korido ya hospitali, saa nne usiku,
na mashine ya kung'arisha sakafu.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Yangu ina mita mia mbili na kumi, kwenda na kurudi.

Ile mashine haina usukani.
Ukiinua mpini kidogo, inakwenda kulia;
ukiushusha, kushoto.
Wapya huigombeza kwa mabega, inawaburuza mpaka ukutani.
Mimi siigombezi. Naijua kwa kiuno.

"Tazama mkono wa kushoto," akasema Effie. "Unaona vifundo vingapi?"
Kimoja.
"Nataka viwili."
Nikauzungusha kidogo tu, kadiri ya kufunga bomba linalodondoka.
Nikaacha mabega. Nikashusha mpini.

Sikusikia kitu mkononi.
Mpira ukapanda juu ya kibao cha yadi mia,
ukasitasita, nikajua sasa unapinda,
haukupinda.
Ukaanguka karibu na trekta.

Nikamgeukia anieleze.
"Usiniulize," akasema. "Utauharibu kwa kuuelewa."

Mitatu iliyofuata ilikwenda kulia.
Mmoja ukampata njiwa wa watu karibu na roho.

Wa mwisho nikautia mfukoni, nikaishika njia ya basi.
Saa mbili kasoro, zamu inanisubiri, na simu inatetemeka: Mama,
na leo si Jumapili.

"Huo ni wa kampuni!" akapiga kelele Effie,
bila hata kugeuza uso.