Silinda ya Nne

Punta Arenas, Juni. Saa tatu asubuhi na jua halijaamka.
Upepo wa Mlangobahari umesimama gatini
kama mdai aliyekataa kiti.
Chini, katika chumba cha injini cha tagi Calafate,
mimi na Edita Mansilla tumeziba masikio,
tunazungumza kwa vidole.

Silinda sita zinapiga.
Hakuna aliyewahi kuona kinachotokea humo.
Moto unazaliwa na kufa kabla hujapepesa jicho,
unazaliwa tena, mara mia tatu kwa dakika,
na sisi tulio nje tuna chuma, joto, na dhana.

Ndiyo maana pana kitundu.
Kichwani mwa kila silinda, njia nyembamba kama penseli
na koki ya kuifunga.
Edita anaifungua kidogo: ulimi wa moto, mate ya masizi.
Kisha anakaza kifaa cha shaba alichorithi:
springi, pistoni isiyozidi kizibo cha kalamu,
ncha ya chuma, karatasi iliyoviringwa juu ya pipa dogo.
Ncha inatetemeka, inapanda, inarudi ilikotoka.
Mlima umefungwa kwa mstari mmoja.

"Usihesabu kilele peke yake," aliniambia siku ya kwanza.
"Kazi ni kile kilichozungukwa."

Ya kwanza, mia na kumi na nane.
Ya pili, mia na kumi na sita.
Ya tatu hivyohivyo.
Ya nne, themanini na mbili,
na mlima wake umebonyea kama sufuria iliyoanguka.

Nahodha Barría alitukana bei ya pistoni
kabla hajaambiwa bei.
Edita alikwisha kuandika barua ya Valparaíso:
pistoni moja, pete tano, haraka.

Nami nilikuwa nakitazama kipimajoto cha moshi.
Nyuzi mia tatu na arobaini. Sawa na ndugu zake.
Mgonjwa gani huyu
mwenye jasho la mtu mzima?

Sikusema. Mwanagenzi hasemi mbele ya namba.

Usiku, injini imelala, nikaifungua koki ya nne
nikachokoa kwa spoku ya baiskeli.
Yakatoka masizi makavu, punje kwa punje,
kama kahawa iliyosahauliwa motoni.
Yalijaa kifuniko cha chupa.

Asubuhi: mia na kumi na saba.

Silinda haikuwa mgonjwa.
Ilikuwa ikipiga ukelele ndani ya bomba lililoziba,
nasi tukaandika daftarini: sauti yake ndogo.

Edita hakunishukuru.
Aliitazama karatasi muda mrefu, akaipindua,
akaitazama upande usio na kitu.
Barría alipoinamia ngazi kuuliza habari za pistoni,
alimnyoshea kile kifuniko.
"Kadiria," akasema. "Shilingi ngapi za Chile?"

Siku hizi kebo inaingia pale ilipokuwa ncha ya chuma,
na mlima unachorwa kwenye kioo, mwekundu, laini,
una tarakimu mbili baada ya nukta.
Vijana wanaupiga picha.
Mimi huuliza swali moja tu, huku nikipapasa mfuko wa ovaroli
ambamo spoku ile imekwisha kutoboa kitambaa:

mmekisafisha kitundu?