Kikombe cha Kuoshea

Mfereji wa Bi Somoe ulivuja kiungoni,
pale pale alipopita fundi wa kwanza
akapaka lehemu juu juu kama siagi kwenye mkate,
akachukua chake, akaenda zake Masasi.

Nimepanda Newala na jiko, mkaa, na nyundo ya shaba,
ncha yake nimeipiga tupa tangu alfajiri.
Bati la zinki lina kiburi.
Linang'aa, na mng'ao wenyewe ndio unaokataa kushikwa;
moto ukilijia kichwakichwa linatoa moshi mweupe
na usiku kucha fundi anatetemeka kama mwenye homa.

Basi taratibu. Kwanza msasa,
kisha tindikali niliyoiua jana
kwa maganda ya betri kuukuu za tochi
mpaka ikaacha kuchemka.
"Kumbe na tindikali hufa?" akauliza Bi Somoe,
akainyoosha mikono yake,
vidole vilivyobabuliwa na mafuta ya korosho,
misimu thelathini ya kubangua.
Nikamwonyesha yangu. Tukacheka.
Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Bati juu ya bati, upana wa kidole,
ribiti tatu zishike,
maana lehemu haibebi mzigo, lehemu huziba.
Nayo ni stani tupu, ghali kama harusi:
maji haya yatanywewa na wajukuu,
risasi sitii.

Shaba ikae. Ikae. Usipapase.
Bati likipata moto wake
lehemu hainisubiri mimi, inaingia yenyewe,
inazama mwanyani kama mtoto aliyeitwa na mamaye,
na upande wa pili unatokeza uzi mwembamba wa fedha.

Hapo ndipo panapotaka maji.
Kiungo kisipooshwa, tindikali iliyobaki
italila bati kimyakimya, masika mawili tu, kwisha.
Nikaona haya kusema.
Ndoo ilikuwa moja, imetoka bonde la Kitangari
kichwani mwa Namwaka, kabla ya jogoo.

Bi Somoe akachota kikombe. Akakitazama.
Akachota cha pili.
"Osha, fundi. Osha vizuri.
Hiki nalikopesha paa."

Disemba sikuwepo. Nilisikia kwa simu tu,
Namwaka ameinyanyua hadi chini ya kiungo,
mvua inalipiga bati, naye anapiga kelele:
"Hakidondoshi! Sikiliza,
hakidondoshi!"

Nami nikasikiliza, kwa makini kabisa,
kitu ambacho hakikuwepo.