Muhtasari wa Kikao cha Tano

Mimi ndiye katibu. Daftari hili la kurasa tisini na sita
linanuka moshi wa jikoni, maana ofisi hatuna.
Naandika: kikao kimefunguliwa saa nne na robo,
ukungu ungali umelalia pareto,
waliohudhuria ishirini na wanane, wenye udhuru wawili,
na wageni sita kutoka bondeni, Usangu,
waliopanda na fuso tupu lililofuata viazi,
meno yao yakigongana kwa baridi ya Uporoto.
Hakuna aliyewacheka. Tuliwasogezea makaa.

Wa kwanza kusema hakusema.
Kabula Masunga alifungua kanga,
akatoa bamba la tope kavu, pana kama sinia,
akaliweka mezani, juu ya ajenda.
"Huu ni mto," akasema. "Nimewaletea mto wenu."
Likapasuka mara mbili huku tunalitazama.
Sikujua niandike nini.
Niliandika: mto umepokelewa.

Kisha Lwitiko Nzowa.
Mikaratusi yake mia moja na kumi na miwili
imelizunguka jicho la chemchemi
kama walevi waliozunguka mtungi.
Kila mtu anajua. Kila mtu alinyamaza.
"Niliipanda mwaka aliozaliwa Tumpe.
Mwakani anakwenda chuo cha uuguzi.
Mnaniambia nikate. Nikate ada?
Na maji yalipokuwa tele, nani alipanda huku kunishukuru?"
Hilo nililiandika lote, nikalipigia mstari.

Haba na haba, akaanza mtu wa nyuma, hujaza kibaba.
Kabula akageuka: "Kibaba cha nani?"
Tukacheka, sote, wa juu na wa chini,
na ni kicheko kile, si hotuba ya bwana maji,
kilichotuvusha adhuhuri.

Azimio: bonde litatoa magunia kumi ya mchele, misimu mitatu.
Nkwabi atapandisha maksai wanane waburute magogo.
Sisi tutapanda mivengi na mikuyu,
na mbao Nzowa atauza mwenyewe, asipangiwe bei.
Alitia sahihi kwa kalamu yangu,
akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka.
Tundu lipo. Ukurasa wa kumi na tisa.

Yatokanayo.
Shoka haliui mkaratusi, linauudhi tu.
Kila kisiki kimetoa machipukizi
mekundu, laini, kama ulimi wa ndama.
Kila Jumamosi nashuka kuyavunja,
vidole vinanuka dawa ya kifua,
kisha natega ndoo kwenye bomba la mwanzi, nahesabu.
Agosti ndoo ilijaa kwa mia mbili na kumi.
Septemba, mia mbili na kumi na tatu.
Nililia kidogo. Hilo halimo kwenye muhtasari.

Jumamosi iliyopita nilimkuta Nzowa
amepiga magoti kisikini, anavunja.
Hakunisalimu. Sikumsalimu.
Tulitega ndoo, tukahesabu,
yeye kwa Kisafwa, mimi kwa Kiswahili,
midomo ikienda sambamba kama watu wanaosali dini mbili,
na maji yakafurika ukingoni
tulipofika mia mbili na sita.

"Umehesabu polepole," akasema.
Akaimwaga ndoo.
Tukaanza upya.