Tumbo la Punda

Kadi ilikufa saa tisa usiku, nikichora ngazi.
Si kifo cha kishindo: feni ilikohoa mara mbili,
skrini ikajaa viraba vya zambarau,
kisha giza, na harufu ya plastiki iliyoungua
ambayo hadi leo haijatoka kwenye pazia.

Miaka saba nilikula kwa jasho la kadi ile.
Zahanati ya Chorrillos. Vibanda vya soko la Surquillo.
Jiko la bwana aliyebadili rangi ya kabati mara kumi na nne
akalipa nusu.

Na sasa Bibi Ermelinda Tacuri anataka kuiona nyumba
kabla hajauza shamba la vitunguu ili aijenge.
"Ramani siielewi," aliniambia. "Nionyeshe jua
linavyofika mezani saa nne asubuhi."

Jua! Hapa Lima, mwezi wa Julai,
wakati mbingu ni tumbo la punda, ndivyo tunavyoiita,
kijivu kimelala juu ya paa hadi Oktoba
na nguo hazikauki kambani.

Nikahesabu. Kwenye kopo la biskuti, soli elfu mbili na mia moja.
Umeme wa kompyuta, wati mia tano na hamsini, hauongezeki.
Nafasi ndani ya kasha, sentimita ishirini na tisa,
nimepima kwa rula ya shule ya mwanangu.

Barabara ya Wilson, ghorofa ya pili.
Kijana Yerson ananiwashia moja yenye taa za upinde wa mvua:
"Hii, dada, fremu mia na arobaini kwa sekunde!"
Mimi sifukuzi mazombi, mdogo wangu.
Nafukuza kivuli cha kikombe.

Kibanda cha pembeni wana ya mkononi, nusu bei.
"Ilikuwa ya mwanafunzi. Aliandikia barua tu."
Barua gani hizo, za kukwaruza skrubu zote nne?
Niliinusa. Ilinuka ghala,
sarafu zilizochimbwa usiku na mchana bila kufungua dirisha.
Nikairudisha taratibu, kama unavyomrudishia mtu
mtoto wake aliyelala.

Ni Bi Nélida Oshiro, miwani kwenye paji la uso,
aliyeniuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza:
"Picha yako ina uzito gani?"
Nikamtajia: mti wa mpilipili na kila jani lake,
mapazia ya kitani, vigae, sufuria za shaba,
gigabaiti kumi na moja, na kidogo.
Akasukuma kando ile ya haraka, yenye nane.
Akaleta ya kumi na sita, mvivu, mweusi, bila taa.
"Hii itachelewa. Ile haitafika."
Nikaelewa. Mfuko wa kibaba haubebi pishi,
hata ukiupa miguu ya swala.

Elfu mbili na mia mbili. Tukavutana.
Akashuka mia; nikarudi nyumbani kwa miguu,
vitalu ishirini na sita, manyunyu usoni,
boksi ndani ya koti kama mkate wa moto.

Ilizidi sentimita moja.
Rula ya shule, kumbe, imevunjika mwanzoni.
Nikang'oa kikasha cha diski kwa koleo,
nikajikata kidole, nikatukana kwa Kikechua,
lugha ambayo mama aliniachia matusi yake tu.

Halafu ikawaka. Feni haikusema kitu.
Picha ilianza kwa chenga, mchanga mtupu,
saa ya kwanza ukuta, ya pili ukingo wa meza,
na karibu na alfajiri, polepole,
kipande cha manjano kikalala juu ya kitambaa
kama kitu kilichokuwapo siku zote.

Bibi Ermelinda alikitazama kwa muda mrefu.
Akaweka kidole juu ya skrini.
"Hapa atalala paka."
Kisha akaomba dirisha lisogezwe nusu mita.

Nikaenda kuchemsha maji.
Nje, punda hakuwa ameinuka.