Mwenyeji wa Napak

Nalipwa kwa siku. Nachekecha udongo hapa Iriiri
chini ya Napak, mlima uliotapika moto
kabla hajazaliwa wa kuuita jina.
Jana katika chekeche langu lilibaki taya,
meno saba, zito kama kitasa cha zamani.
Nikasema: ndama.
Bi Tumuhairwe akalipuliza vumbi, akacheka.
"Pimbi, Lomongin. Pimbi wa kimo cha ndama."

Pimbi!
Yule tuliyemrushia mawe tukichunga,
asiye na mkia, asiye na heshima,
anayelia usiku kama bawaba kavu.

Akachora mchangani kwa mpini wa brashi:
hapa bahari, hapa bahari, na huku juu,
kati yetu na Uajemi, bahari tena.
Afrika kisiwa, ikisogea kaskazini
kwa mwendo wa ukucha unaoota,
na ndani yake ukoo mmoja uliojifungia:
tembo wa kwanza, wafupi kama nguruwe,
muhanga, sange,
na pimbi, pimbi wa kila kimo,
wakila majani ambayo leo tungesema ni ya swala.

Nikauliza, kisiwa hicho kilizama lini?
Akasema hakikuzama.
Kilifika.

Nimelala na neno hilo.
Kuna nchi hupotea kwa kumezwa na maji;
hii ilipotea kwa kugusa ng'ambo.
Bahari ikakauka shingoni, pakawa njia.
Tembo akatoka kwenda kuiona dunia,
na kwa njia ileile wakaingia
vifaru, paka wenye meno marefu,
na wale wacheuaji, tumbo vyumba vinne.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji hakupona. Alipungua
kizazi kwa kizazi, hata akaenea kwenye ufa wa mwamba.

Kwetu tunasema ng'ombe wote ni wetu, Akuj alitupa.
Leo jioni nimemtazama Longor, maksai wangu,
ambaye vijana huniita kwa jina lake.
Nikamwuliza: watu wako walivuka lini?
Akacheua.

Juu ya jabali pimbi alikuwa anaota jua la mwisho,
akitutazama sote wawili
kama mwenye nyumba aliyechoka kudai kodi.
Mkono wangu ukaokota jiwe, kwa mazoea.
Nikaligeuza kwanza,
kuona kama lina meno.