Tabia ya Nchi

Madaftari thelathini na moja,
majalada ya buluu, kona zimeliwa na mende,
na kila ukurasa mwandiko ule ule uliolalia kulia
wa Atupokile Chaula, karani wa shamba la ng'ombe, Kitulo:
tarehe, mvua, joto la chini, joto la juu,
sakitu — ndiyo au hapana.
Saa tatu kamili asubuhi. Hata Krismasi.
Yaliletwa Uyole niyachape kwenye kompyuta.
Aliyeyaleta hakujua kuwa karani huyo ni mama yangu.

Nikachapa. Juni ya sabini na nne: sakitu siku kumi na tisa.
Pembeni, kwa penseli: "viazi vimeungua vyote,
maziwa yameganda ndooni."
Ng'ambo, wasomi walikuwa bado wanabishana
kama dunia inapoa au inapata moto,
na mama, asiyejua kuwa upo ubishi,
alikuwa anapuliza vidole ili vishike kalamu.

Fomu zilishuka na lori la maziwa hadi Mbeya,
toka Mbeya hadi Dar, toka Dar sijui.
Jibu ni moja tu, limebanwa kwa pini kwenye daftari la tisa:
"Taarifa ya Machi imechelewa. Ujirekebishe."

Ubishi ukakua kama mtoto wa tajiri,
ukasomeshwa, ukavishwa tai.
Kwanza ulisema: hakuna kitu.
Kisha: kipo, ila ni jua.
Kisha: kipo, ni sisi, ila dawa yake ni ghali.
Wenye visima vya mafuta waliuza na shaka,
kwa pipa, kwa mkopo.
Ulipofika kwetu ulikuwa umezeeka, unapanda ndege,
na mtu wa kwanza kumshtaki
alikuwa mchoma mkaa wa Ilembo.

Ukumbini Mbeya, mtaalamu aliandika ubaoni
MABADILIKO YA TABIANCHI.
Ndimyake Mwalukasa, mkulima wa pareto, akanyoosha mkono.
"Tabia ni ya mtu. Mwanangu akiwa na tabia mbaya, namchapa.
Hii nchi imemkosea nani?"
Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka,
akasema hiyo ni istilahi tu, imeshapitishwa.
"Zipo nchi zenye tabia hiyo," alisema Ndimyake, bado amesimama.
"Yetu ina mvua tu, nayo inachelewa."
Hapo hawakucheka. Chai ikaletwa.

Baada ya chai, grafu.
Mstari mwekundu ulipanda kwa kona
kama barabara ya Chimala kwenda Matamba,
na mahali fulani ukakatika.
"Themanini na nne tumeuondoa," alisema.
"Julai ina pengo la siku tisa. Karani alizembea."

Ukurasa ule niliujua.
Mistari tisa mitupu,
halafu wa kumi, mwandiko unatetemeka:
"Chini ya sifuri, mbili. Sakitu.
Mtoto wa kiume. Anapumua."

Sikunyoosha mkono.
Nilikuwa nimeshasaini posho.

Jumamosi nikapanda Matamba.
Kipimajoto kilichukuliwa kutengenezwa mwaka wa tisini na tano,
mpaka leo kinatengenezwa.
Lakini lipo daftari la thelathini na mbili,
ambalo hakulituma popote:
kila ukurasa mbu mmoja, amebandikwa kwa selotepu,
na tarehe aliyouawa, na chumba.
"Huyu wa kwanza," alinionyesha, "nilidhani amepotea njia."
Kurasa za mwisho hazikuwa na mbu mmoja mmoja.
Alikuwa anahesabu tu, kwa vijiti, vitano vitano.

Redio ilikuwa inazungumzia mkutano mwingine,
mji mwingine, fidia, nani alipe.
"Wamekubaliana?" aliuliza.
Nikawa natafuta neno.
Yeye akatazama saa ukutani: saa tatu kasoro dakika mbili.
Alikuwa ameshavaa mabuti.