Daftari la Duka, Barabara ya Kumi na Nne

Leo nimetimiza arobaini na tisa, na panya
amekula kurasa za herufi M.
Mhina, Mbwana, Mwantumu, Mwinjuma wa mkaa:
wote wamesamehewa na panya.
Nimekaa juu ya gunia la sukari nikacheka
mpaka mtoto aliyetumwa chumvi akarudi nyuma hatua moja.

Nilipofungua duka hili, hapa Ngamiani,
nilikuwa na miaka thelathini na kalamu nyekundu.
Niliandika kila kibaba, kila kiberiti,
nikijiambia haki ya mtu haipotei.
Haikupotea. Kilichopotea ni usingizi.

Sasa najua mambo machache, hayajazi hata ukurasa.

Daftari halisomwi usiku.
Usiku shilingi mia mbili huvaa joho la milioni,
na jirani uliyecheka naye magharibi
anageuka jambazi. Lisome asubuhi,
umeshakunywa chai, mlango uko wazi.

Kopesha kile ambacho kisipolipwa
utaweza bado kumwita mtu jina lake la utotoni.
Kikizidi hapo, sema sitoi.
Usiseme sina. Mchele unaonekana nyuma yako.

La tatu nililipata kwa Semboja, fundi baiskeli,
kijana ambaye ndevu bado zinamkatalia.
"Rimu ikipinda, mama, usikaze tu.
Legeza kwanza spoku za upande wa pili."
Nilidhani tunaongea habari za baiskeli.
Kumbe bati letu ni moja, na jana yake usiku
alisikia ninavyosema na binti yangu.

Machungwa ya Muheza yaliwe yakiwa rahisi.
Goti likikataa ngazi, lisikilizwe, lina akili kuliko kichwa.
Msibani ukifika huna la kusema, osha sufuria.

Halafu kuna hili.

Bi Zuhura alidaiwa elfu sita na mia nne.
Nilimtajia mbele ya watu,
siku ya kununua tambi za futari.
Tangu hapo alipitia Barabara ya Kumi na Tano,
akizunguka na mguu wake mbovu,
asikutane na macho yangu.
Vuli ilipoanza alilazwa Bombo, hakurudi.
Arobaini ilipopita mwanawe akaja na pesa,
zimefundikwa kwenye pindo la kanga, kamili,
sarafu kwa sarafu. Nikapokea. Nikasema ahsante.
Zimo kwenye kopo la maziwa, nyuma ya mishumaa,
mwaka wa sita huu, hazinunui kitu.
Mtu akizunguka njia kwa ajili yako,
mdaiwa ni nani?
Nimejaribu kuligeuza kanuni. Kalamu inagoma.

Jioni Mwinjuma amekuja, vidole vyeusi,
akaweka noti kwenye kaunta.
"Elfu tatu na mia mbili."
Nikamwambia: ukurasa wako umeliwa,
sina ushahidi, nenda zako.
Akaniangalia kama niliyemtukana.
"Wewe huna. Mimi ninao."

Nimechukua elfu tatu.
Mia mbili nimesema ni za panya,
naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu,
akacheka mpaka akashika mlango,
akaniachia alama ya mkono mweusi
kwenye rangi niliyopaka juzi.

Sijaifuta.